Gesi imejazwa mara mbili, AC bado inakata mchana: nibadilishe kompresa?

Swali: "Nina Toyota IST ya mwaka 2005. Naishi Nyegezi, hapa Mwanza, na duka langu la vitenge liko Kisesa. Asubuhi AC inapoza vizuri kabisa. Nikirudi saa nane mchana inafanya kazi dakika kumi hivi, halafu inaanza kupuliza joto na hairudi tena mpaka gari lilale. Taa ya kitufe inaendelea kuwaka kama kawaida. Nimejaziwa gesi mara mbili. Siku ya kujaziwa inapona, kesho yake mchana yale yale. Sasa fundi anasema kompresa imekufa, niagize ya mtumba kutoka Dar. Nifanyeje?"

Shikamoo mama. Usiagize kompresa kwanza. Kompresa iliyokufa haifufuki kila asubuhi, na gesi iliyovuja hairudi usiku gari likiwa limelala. Ugonjwa unaokuja na joto na kuondoka na baridi una washukiwa wachache, na wa kwanza kati yao ni klachi ya kompresa. Hiyo ndiyo inayorukwa kila siku, kwa sababu mtungi wa gesi huwa karibu na mkono wa fundi kuliko mita ya umeme.

Kompresa yako inazungushwa na mkanda wa injini. Puli inayoshikwa na huo mkanda inazunguka muda wote injini ikiwa imewaka, hata AC ikiwa imezimwa, kwa kuwa imekalia beringi yake yenyewe na haijaungana na shafti ya kompresa. Mbele ya puli kuna sahani ya chuma iliyofungwa kwenye shafti. Nyuma ya puli kuna koili, yaani waya wa shaba uliosokotwa. Ukibonyeza kitufe, umeme wa volti 12 unaingia kwenye koili, koili inakuwa sumaku, inaivuta sahani mpaka inagota kwenye uso wa puli. Ule mlio wa "ta!" unaousikia asubuhi ndio huo. Kuanzia hapo kompresa inasukuma gesi. Umeme ukikatwa, springi inairudisha sahani, kompresa inasimama, puli inaendelea na safari zake.

AC ikiwa imezimwa, kati ya sahani na puli panabaki mwanya. Kwa Toyota nyingi unatakiwa kuwa kati ya milimita 0.3 na 0.6. Kadi yako ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi hiyo ikipita humo ndani, mwanya umeshapitiliza. Kila sahani inapogota, chuma kinalika kidogo sana. Gari la 2005 limeshagota mara zisizohesabika, Japani na hapa, na vumbi la barabara zetu linafanya kazi ya msasa juu yake.

Sasa ongeza joto. Waya wa shaba ukipata moto, unaupinga umeme zaidi. Koili yenye omu 3.6 (omu ni kipimo cha upinzani huo) asubuhi, ikifika nyuzi joto 100 hivi pale chini karibu na injini, inafika karibu omu 4.7. Umeme unaopita ndani yake unashuka kutoka ampea 3.7 hadi kama 2.9. Hesabu hiyo inaonekana ndogo, lakini nguvu ya sumaku haishuki kwa kiwango hichohicho. Inashuka zaidi, mpaka karibu asilimia 60 ya ile ya asubuhi. Sahani iliyo karibu bado itavutika. Iliyo mbali itabaki inatazama tu.

Na hizo dakika kumi zako zinatoka wapi? AC haishiki mara moja ikakaa hivyo mpaka ufike. Ndani ya dashibodi kuna kihisi cha baridi kinachoachia kompresa pale mabomba yanapokaribia kuganda, halafu kinaiita tena. Ukitoka Kisesa klachi bado ina unafuu, kwa hiyo inashika. Ikishashika, mwanya haupo tena na hata sumaku dhaifu inatosha kuing'ang'ania sahani. Tatizo linakuja kihisi kikiachia: koili imeshapata moto, inaitwa tena, inavuta, haifiki. Taa ya kitufe inaendelea kuwaka kwa sababu kompyuta imetoa amri na haina habari kwamba sahani haikuitikia.

Hata kupona kwako siku ya gesi kunaelezeka. Fundi alifungua boneti, injini ikazimwa, mkataba wa bei ukachukua muda wake, akajaza, akawasha. Klachi ilikuwa imepoa. Ungemlipa kwa kunywa soda kivulini ungepata matokeo yaleyale.

Haya nayasema kwa kusoma maelezo yako tu, kwa hiyo lipimwe. Na lipimwe likiwa linaumwa. Ukiliacha gereji usiku, fundi atalipima asubuhi, atakuta zima, atakuambia hana anachokiona. Lipeleke saa nane mchana, AC ikiwa imeshakata, na umwombe asizime injini.

Fundi afungue boneti, AC na feni ya ndani zikiwa zimewashwa, aangalie kompresa. Kwenye gari lako iko chini, upande wa mikanda, na mara nyingi unaiona vizuri zaidi ukimulika tochi kutokea upande wa tairi la mbele. Wewe usogee pembeni. Mtandio na mikanda inayozunguka havipatani. Swali ni moja: puli inazunguka, je, sahani ya mbele inazunguka nayo au imetulia? Kama imetulia, achomeke mita kwenye waya unaoingia kwenye koili, soketi ikiwa haijachomolewa, na ncha nyingine kwenye bodi ya injini. Injini ikiwa imewaka tunategemea kuona volti 13 na ushee. Zikiwepo hizo na sahani imetulia, basi kila kitu kilicho nyuma ya huo waya kimefanya kazi yake: fyuzi, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi ya presha, kompyuta. Gesi pia imeshajitetea, kwa sababu ingekuwa pungufu mno swichi ya presha isingeruhusu umeme ufike hapo. Mchawi yuko kwenye klachi.

Uthibitisho wa mwisho ni wa kijijini lakini haudanganyi: aisukume sahani taratibu kwa ncha ya mti mkavu, kutokea mbele, bila kuugusa mkanda. Ikinasa papo hapo na hewa ikaanza kupoa, ni mwanya. Wengine humwagia klachi kikombe cha maji, ikapoa, ikashika. Maana yake ni ileile. Ikigoma hata kwa kusukumwa huku umeme upo, injini izimwe, soketi ichomolewe, koili ipimwe omu. Kwa kawaida tunategemea kati ya 3 na 5. Mita ikionyesha hakuna mawasiliano kabisa, waya umekatika ndani. Zipo koili zenye fyuzi ndogo ya joto humo ndani, na hiyo ikiungua haijirudi.

Mwanya ukithibitika, kazi yenyewe si kubwa. Kuna bolti moja katikati ya sahani. Ikifunguliwa, sahani inatoka, na chini yake kwenye shafti utaona pete nyembamba za chuma ambazo mafundi huziita shimu. Inatolewa moja, sahani inarudishwa, mwanya unapimwa kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) sehemu tatu kuizunguka sahani, kwa kuwa sahani iliyopinda itatoa kipimo kizuri upande mmoja na kibaya upande wa pili. Ukiwa chini ya 0.3 ni kosa jingine: sahani itasugua puli hata AC ikiwa imezimwa, itapata moto na kuiua beringi. Kwenye baadhi ya kompresa nafasi ni finyu mpaka ilegezwe na kusogezwa kando, lakini mabomba ya gesi hayaguswi. Kama hakuna shimu ya kutoa na sahani imelika hadi imeota vijito, inanunuliwa klachi, siyo kompresa nzima.

Ikitokea mita imesoma sifuri, mambo yanageuka na inabidi kurudi nyuma ya waya. Hapo nitapita haraka. Fyuzi ya AC kwanza. Halafu rilei, ambayo kwenye Toyota nyingi huandikwa "MG CLT" au "A/C" kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi. Ibadilishane nafasi na nyingine ya namba ileile, kwa mfano ya honi, uone. Rilei iliyochoka nayo ina tabia ya kugoma ikipata moto, kwa hiyo isidharauliwe. Kisha kihisi cha baridi, kisha swichi ya presha.

Hiyo swichi ya presha inakata pande mbili, na watu wanakumbuka upande mmoja tu. Presha ikishuka chini ya takriban baa 2 inakata ili kompresa isizunguke bila gesi. Ikipanda hadi kama baa 31 inakata pia ili mabomba yasipasuke. Sasa wewe umeongezewa gesi mara mbili, na nina wasiwasi haikupimwa kwenye mizani hata mara moja. Magari mengi madogo yanabeba kati ya gramu 350 na 500 tu, na kiasi cha gari lako kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Gesi ikizidi, presha inapanda, kompresa inakuwa nzito kuzungushwa, klachi iliyolika inateleza, inapata moto zaidi. Huenda ile dawa ndiyo imeuzidisha ugonjwa. Kwa hiyo baada ya klachi kutengenezwa, gesi yote ivutwe kwa mashine, irudishwe kwa uzito ulioandikwa. Isifunguliwe ikatoka hewani. R134a, yaani gesi hiyo ya AC, ina uwezo wa kupasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya ukaa kwa uzito uleule.

Kuna fundi atakayechomeka geji injini ikiwa imezimwa, aone psi 90 au 100, aseme "gesi ipo ya kutosha". Kwa joto la Mwanza la nyuzi 28 au 30, hicho ndicho kipimo cha kawaida cha R134a iliyotulia, lakini hakisemi ni kiasi gani. Mradi kuna tone la gesi iliyo katika hali ya kimiminika ndani, geji itasoma hivyohivyo, ziwe gramu 150 au 450. Kinachosemwa na kipimo hicho ni kwamba swichi ya presha ya chini haina sababu ya kukata. Basi. Kiasi kinajulikana kwa mizani, na afya inajulikana kompresa ikizunguka: upande wa chini baa 1.5 hadi 2.5, upande wa juu baa 14 hadi 16 hivi, kutegemea joto la siku.

Na kwa mafundi wenzangu wanaosoma hapa: tuko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huo ni usawa wa maji ya ziwa, bado hujapanda Bugando. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar. Ukivuta hewa kwenye mfumo kabla ya kujaza gesi, geji yako haitafika inchi 29 za zebaki kama unavyoona kwenye video za watu wa pwani. Hapa mwisho wake ni kama 26. Nimeshaona pampu nzima zikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu "hazifiki". Muhimu ni geji ikae palepale nusu saa baada ya pampu kuzimwa.

Narudi kwako, mama. Kama fundi ataona AC yako inakata ukiwa kwenye foleni ya Buzuruga na kurudi gari likishika mwendo, hapo nitabadilisha mawazo na kusema ni feni ya mbele au kondensa iliyoziba. Hukusema hivyo, ulisema hairudi mpaka gari lilale. Lakini mwambie aimulike kondensa, lile wavu lililo mbele ya rejeta. Wanaoishi karibu na maji wanawajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa mawingu. Gari likipita katikati yao usiku, wanagandamana kwenye yale mapezi ya kondensa, vumbi linawakuta, jua linawakausha, na kinachobaki ni udongo usiopitisha hewa. Isafishwe kwa maji ya mpira wa kawaida, kutokea upande wa injini kwenda nje. Zile mashine za kuoshea magari zenye presha kali zinayalaza mapezi, na yakishalala ni bora wadudu wangebaki.

Gesi yenyewe haitumiki ikaisha kama petroli. Kama mizani itaonyesha ilikuwa pungufu, kuna mahali inapotokea, na mahali hapo pana dalili: mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, vumbi linanata, unaona doa jeusi lenye unyevu kwenye maungio ya mabomba, kwenye kondensa iliyogongwa na kokoto, au mbele ya kompresa nyuma ya klachi. Maji ya sabuni yanatosha kwa kuanzia. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kupiga ramli kwa hela yako.

Mambo mawili usikubali kufanyiwa, hata ukiambiwa ni ya muda tu. La kwanza ni kuungiwa klachi waya moja kwa moja kutoka betri. AC itapoza na utafurahi, lakini umeiondoa swichi ya presha kwenye kazi. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi. Gesi ikipungua, kompresa inazunguka kavu na hakuna wa kuizuia. Fundi anaweza kuunga hivyo kwa sekunde chache kupima, kwa waya wenye fyuzi, na autoe mbele yako. La pili ni kujaziwa gesi ya kupikia au ile R600a ya friji za kisasa. Zote zinawaka. Bomba likitoboka ndani ya dashibodi, unakaa nayo kwenye chumba kimoja na madirisha umefunga.

Wenye Aqua na Prius za kuanzia kizazi cha pili, haya ya klachi hayawahusu. Kompresa zao zinaendeshwa na umeme wa volti zaidi ya 100, nyaya zake ni za rangi ya chungwa, na mafuta yake ni ya aina nyingine kabisa. Asizishike asiye na mafunzo.

Kuhusu kompresa ya mtumba, inanunuliwa pale tu ya kwako ikiwa imejitangaza: klachi inashika lakini presha ya pande mbili hazitofautiani, au shafti imekwama haizunguki kwa mkono injini ikiwa imezimwa, au ukifungua bomba unakuta mafuta meusi yenye vumbi la chuma. Kwa hilo la mwisho, kompresa peke yake haitoshi. Mabomba yasafishwe, kikaushio (kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo) kibadilishwe, na kondensa mara nyingi nayo inakwenda, kwa sababu vumbi lile likibaki litaila hiyo mpya ndani ya muda mfupi. Ukifika dukani, ishike sahani uizungushe: inatakiwa iende kwa uzito ulio sawa mzunguko mzima, bila kukwaruza. Kataa iliyokuja na matundu ya mabomba yakiwa wazi, maana unyevu umeshaingia. Na kabla hujatoa hela, mwulize fundi wako mwanya wa klachi yako ya sasa ni milimita ngapi. Akikosa namba ya kukutajia, bado hajapima.